Bitcoin au shilingi ya kidijitali? Muulize aliyelizwa

Juzi dogo mmoja wa Mbeya kanitumia meseji, "Bro ninunue bitcoin saa hizi au nisubiri shilingi ya kidijitali ya BoT?" Anamaanisha shilingi ya mtandaoni ambayo Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ingeitoa yenyewe. Nikacheka, halafu roho ikauma, maana ubishi huo huo ulishanigharimu laki nane na nusu.

2022 nilikuwa mlokole kabisa wa kripto, hizi hela za mtandaoni kama bitcoin. Ukinitajia benki kuu nakukatisha, nakwambia hela yangu haina bosi, bitcoin mwisho milioni 21 hakuna wa kuchapisha zaidi, nyie endeleeni na noti zenu. Sasa kodi ya fremu ikafika, nikatafuta mnunuzi kwenye grupu la Telegram, tukapatana, meseji ikaingia "Umepokea TSh 850,000", imepangwa kama za kampuni ya simu hadi nukta. Nikatuma bitcoin. Kuja kuangalia salio, 14,300. Kuisoma tena ile meseji, imetoka kwenye namba ya kawaida tu ya mtu.

Na kinachouma, ukiingiza mtandaoni anwani ya bitcoin ya yule jamaa, ile niliyomtumia, unaona mzigo wangu ulivyoingia, saa na dakika, dunia nzima inaona na hakuna hata mmoja wa kunirudishia. Wiki hiyo hiyo wife akakosea namba akituma elfu thelathini, akapiga huduma kwa wateja, ikarudi. Aliniangalia tu, hakusema kitu.

Kwahiyo dogo, kabla hujauliza ipi itapanda, uliza ukiibiwa unampigia nani.

Ila msidhani nimehamia upande wa serikali. Nigeria walizindua eNaira, naira ya kidijitali ya benki kuu yao, Oktoba 2021, miezi kadhaa tu baada ya kuzikataza benki zao kuhudumia kripto, yaani uwanja walishausafisha wenyewe. Watu wakashusha waleti, yaani app za kuitunzia, wakaziacha hapo hapo, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) walivyokuja kuangalia wakakuta wiki yoyote ile waleti 98 kati ya 100 hazijaguswa, na vijana wanaendelea kuuziana bitcoin mkono kwa mkono. Sasa mtu ana app ya benki inatuma naira vizuri tu, hiyo nyingine ya nini? Kenya nao 2023 benki kuu ikasema shilingi ya kidijitali sio kipaumbele kwa wakati huo, nawaelewa, wana M-Pesa tangu 2007. BoT wamesema wanaenda taratibu kwa hatua, sasa we kaa usubiri, utaota mvi.

Vijana mnapenda sana kuchagua timu, huku Simba huku Yanga, hela haina timu. Weka kidogo, kile ambacho kikipotea bado utakula. Usiuziane na mtu wa kwenye grupu. Angalia salio, usiangalie meseji. Narudia, SALIO, meseji hata mimi naweza kukuandikia sasa hivi.

Nimemjibu hivyo hivyo dogo, kanirudishia, "Sawa bro, ila we bado unazo?"

Ninazo. Kidogo.