Maswali yenu: ule "moshi" juu ya galaksi

*Nimeona picha ya galaksi iliyolala ubavu, ina ukungu mwekundu juu na chini. Ni moshi? (Katindo)*

Hapana. Na hili nimeshalijibu, jamani. Galaksi ni kundi kubwa mno la nyota na gesi, na ukungu huo ni gesi, hasa haidrojeni, yenye joto la nyuzi 8,000 hivi, inayong'arishwa na urujuanimno (mwanga tusiouona kwa macho) wa nyota changa. Baadhi ya rangi kwenye picha hizo hupakwa na watu. Someni maelezo kabla ya kurusha WhatsApp.

*Kwa nini mnatazama zilizolala ubavu tu? (Birere)*

Chapati moto ukiitazama kutoka juu, mvuke huuoni vizuri. Inama usawa wa meza.

*Gesi hiyo inatoka wapi? Inapanda au inashuka? (Ndosho)*

Hapa tukae. Nyota kubwa zikilipuka, husukuma gesi nje ya sahani ya galaksi, yaani sehemu yake bapa yenye nyota nyingi. Ikipoa, inarudi, kama mvuke wa sufuria ya maharage unaogonga kifuniko na kudondoka. Wanaastronomia Shapiro na Field waliuita mzunguko huo chemchemi mwaka 1976.

Ila chemchemi haimalizi hesabu. Chukua NGC 891, galaksi iliyolala ubavu, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 30 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka). Gesi yake ya juu huzunguka polepole kuliko sahani: kila ukipanda miaka ya nuru 3,260, kasi inapungua kilomita 15 hivi kwa sekunde. Chemchemi peke yake inaeleza karibu nusu tu ya upungufu huo. Jibu linalonishawishi ni kwamba gesi ngeni inaingia kutoka nje na kuchanganyika nayo. Chukudu, ile skuta yetu ya mbao, ikiwa inateremka mbio, mtu akidandia bila kukimbia kwanza, lazima ipunguze mwendo.

Sasa kupanda au kushuka: galaksi iliyolala ubavu kabisa haikuambii. Mwanga hubadilika rangi kitu kikija kwetu au kikituacha, si kikipita juu na chini mbele ya macho. Kwa hilo tafuta galaksi iliyoinama. Anayekuonyesha picha moja na kusema "tazama inavyopanda" anakisia.

*Gesi ya volkano yetu, Nyiragongo, inafika huko? (Majengo)*

Hapana.

*Nitaiona NGC 891 nikiwa Himbi, hapa Goma? (Himbi)*

Galaksi yenyewe, kwa darubini nzuri na giza la kweli, labda. Ukungu wake, usijisumbue. Tena iko upande wa kaskazini, kulekule Nyiragongo inakowasha anga usiku mara nyingine.