Pikoboli: mpira gani wa kushambulia?

SWALI: Shikamoo kocha. Tukicheza pikoboli (mchezo wa kupiga mpira kwa kibao juu ya wavu) wawili wawili, mwenzangu hulalamika kwamba nafyatua kila mpira. Nikijizuia na kurudisha taratibu, tunatandikwa vilevile. Nitajuaje wakati wa kushambulia?

JIBU: Marahaba. Tazama kimo cha mpira unapokutana na kibao chako. Wavu una inchi 34 katikati na 36 pembeni. Mpira ulioshuka chini ya hapo lazima uuinue ndipo uvuke. Ukiuinua kwa nguvu, ama utatoka nje, ama utamfikia mpinzani kifuani naye aushindilie miguuni penu. Ulio juu ya wavu, nawe umesimama imara karibu na jiko (eneo lililo mbele ya wavu kila upande), usiuonee huruma.

Sasa hilo la kutandikwa hata ukijizuia. Nashuku mipira yako ya taratibu inapanda. Polepole lakini juu ni zawadi! Kujilinda ni kumlazimisha mpinzani apige kutoka chini.

Hili huonekana zaidi kwenye mpira wa tatu, yaani pigo la tatu ukihesabu la kuanzisha. Mkianzisha nyie, kanuni inawataka muuache mpira uliorudishwa udunde kwanza, hivyo mmebaki nyuma na wapinzani wameshafika kwenye mstari wa jiko. Wengi hapo hukaza mkono na kufyatua. Udondoshe ndani ya jiko lao, zile futi 7 ambamo hawaruhusiwi kupiga mpira usiodunda, kisha sogeeni mbele. Wakirudisha mfupi na wa juu, hapo sawa, fyatua.

Mkishafika mbele, pigeni dinki (mipira laini ya kutua jikoni kwao) za kimshazari: zinavuka wavu mahali palipo chini zaidi, na njia ni ndefu, kwa hiyo kosa dogo halina madhara. Subirini mmoja wao aupandishe, kisha lenga bega la mkono ulioshika kibao. Kiwiko humbana. Pembeni mwa uwanja panavutia macho tu (na mipira mingi hutoka nje huko).

Ukishambuliwa wewe, legeza vidole, weka kibao mbele ya kifua, usikivute nyuma. Mpira ugonge tu na kufia jikoni kwao.

Kwa mazoezi, chezeni wewe na mwenzako nusu uwanja hadi pointi 11. Kila mpira utakaopigwa kwa nguvu kutoka chini ya wavu uhesabiwe pointi ya mpinzani, hata ukiingia.