Umepangiwa upasuaji wa fibroidi? Anza na damu

Ukipewa tarehe ya wiki sita mbele, usizihesabu wiki hizo kuwa za kusubiri. Pima wingi wa damu siku hiyohiyo, si siku ya kulazwa. Fibroidi, yaani uvimbe wa kwenye mfuko wa uzazi, mara nyingi huongeza damu ya hedhi, na kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Ukipanda kitandani na 8, damu itakayopotea inakukuta huna akiba, na ndugu wanaanza kukimbizana kutafuta wa kuchangia.

Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina kama miligramu 65 za madini chuma. Kimoja kwa siku kinawatosha wengi. Vitatu huvuruga tumbo zaidi kuliko vinavyoongeza damu. Kimeze kwa maji, tumbo likiwa tupu, na chungwa pembeni. Chai, ya rangi au ya maziwa, ikae mbali: saa moja kabla na mbili baada, maana huyazuia madini yasifyonzwe. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Mambo yakienda vizuri, himoglobini hupanda kama gramu 2 kwa desilita ndani ya wiki tatu hadi nne. Isipopanda, rudi kwa daktari: huenda bado unatoka damu nyingi, una minyoo, au unahitaji madini chuma ya kutundikiwa mshipani. Bitiruti na rozela kunywa ukipenda, ila visichukue nafasi ya kidonge.

Mshono unafungwa kwa uzi, lakini nyama huungana kwa protini. Lenga gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku; mwenye kilo 60 anahitaji 72 hadi 90. Yai moja lina 6 tu, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Kwa hiyo ugali na mchicha havifiki huko bila dagaa, samaki au maziwa. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Tembea nusu saa kila siku hadi upumue kwa kasi kidogo. Jifunze mapema kukohoa ukiwa umekumbatia mto tumboni. Ukijifunza siku mshono unauma, utaogopa kukohoa, makohozi yatatuama na nimonia itapata njia. Sigara iache angalau wiki nne kabla.

Dawa zote zitaje, mitishamba na aspirini zikiwemo. Ya presha au kisukari usiiache kwa uamuzi wako.

Kuhusu kufunga, wengi huambiwa "usile wala kunywa kuanzia usiku wa manane", kisha wakaingia chumba cha upasuaji alasiri wakiwa wamekauka. Kwa kawaida chakula husimamishwa muda wa saa sita kabla ya nusu kaputi (cha mafuta mengi, nane), na maji matupu saa mbili. Uji na chai ya maziwa ni chakula. Muulize daktari wa usingizi ratiba yako na umfuate yeye: tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni ukiwa umelala.

Oga kwa sabuni asubuhi hiyo, lakini usijinyoe kwa wembe nyumbani; vijeraha vyake hukaribisha vijidudu. Na kama kuna harusi wiki hiyo, piko na rangi ya kucha visiguse vidole vya mkono: kipimo cha oksijeni hubanwa hapo, na rangi hizo zinaweza kukizuia kusoma sawasawa.