Maswali ya Wasomaji: Rasta Ndani ya Kitalu Nyumba

SWALI: Nina kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15, nilichopanda nyanya wiki tano zilizopita. Majani ya juu yamejikunja kama kikombe, kingo zake zimegeuka njano, na maua yanapukutika. Nimepulizia dawa ya ukungu mara tatu bila mafanikio. Je, niongeze kipimo au ning'oe? Na zile chache zitakazoiva, zinalika?
Msomaji, Arumeru

JIBU: Usiongeze kipimo, ndugu msomaji. Dalili ulizozieleza si za ukungu, bali zinafanana sana na za ugonjwa wa virusi ambao wakulima wengi huuita rasta, na mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya. Mwenezaji ni nzi mweupe, mdudu wa takriban milimita moja, ambaye akishafyonza mmea mgonjwa hubaki na virusi hivyo kwa wiki kadhaa, mara nyingi hadi kufa kwake. Kwa kuwa dalili huchukua wiki mbili hadi tatu kujitokeza, yawezekana baadhi ya miche iliingia kwako ikiwa tayari imeambukizwa.

Asubuhi na mapema, kabla wadudu hawajachangamka, geuza taratibu majani machanga utazame upande wa chini, kisha utikise shina. Wakiruka kama unga uliopeperushwa, wamekwisha kuzaliana humo. Ning'iniza mitego ya njano yenye gundi juu kidogo ya vilele vya mimea, mmoja karibu na mlango na mingine penye madirisha ya hewa, uhesabu walionasa kila wiki na kuandika. Jumla yao hainishughulishi sana. Muhimu ni mtego upi unaotangulia kujaa, kwa sababu ukiwa ule wa mlangoni, basi nzi wanaingia pamoja nawe, na dawa yako ya kwanza ni kuongeza mlango wa pili, ili mmoja ufungwe kabla ya kufungua mwingine.

Kuhusu kung'oa: mimea wagonjwa ikiwa michache, ifunike kwa mfuko kwanza, ndipo uing'oe, la sivyo nzi watahamia mimea ya pembeni. Ikiwa imezidi nusu, mimi ningesafisha kitalu chote, pamoja na mnavu unaoota nje kwa sababu nao huhifadhi virusi hivyo, kisha ningekiacha kitupu kwa mwezi mmoja. Yai la nzi huyu huhitaji takriban wiki tatu za joto kufikia utu uzima. Neti iwe ya matundu 50 kwa inchi, kwani ya mbu humpitisha. Neti hiyo hupunguza hewa, hivyo panua madirisha.

Mbegu kinzani zinasaidia, ingawa mmea wake waweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili.

Nyanya hizo zinalika, kwa kuwa virusi hivi havimdhuru binadamu. Ila subiri kwanza zipite siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa uliyopulizia.