Jina lake ni Yohane

Swali lenu la wiki liliuliza: kwa nini Kanisa husherehekea kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, tarehe 24 Juni, ilhali karibu watakatifu wengine wote tunawakumbuka siku waliyofariki?

Ni kweli, desturi ni kukumbuka kifo. Wakristo wa kale waliita siku ya kuuawa kwa shahidi siku yake ya kuzaliwa, maana ndipo alipozaliwa mbinguni. Katika kalenda ya Kanisa Katoliki wanaoadhimishwa kuzaliwa kwao duniani ni watatu tu: Yesu tarehe 25 Desemba, Bikira Maria tarehe 8 Septemba, na Yohane. Yohane ana siku ya kifo pia, 29 Agosti, alipokatwa kichwa. Lakini hiyo ni kumbukumbu, sikukuu ya ngazi ya chini, na kuzaliwa kwake ni sherehe kamili. Ikiangukia Jumapili, inashika nafasi ya Jumapili.

Sababu tuliyofundishwa katika katekisimu ni kwamba Yohane alijazwa Roho Mtakatifu angali tumboni, akaruka kwa furaha Maria alipoingia nyumbani kwa Elizabeti, mama yake Yohane. Basi alizaliwa akiwa tayari ametakaswa. Sababu hiyo naikubali. Ila mimi siku hii naiingia kwa mlango mwingine, mlango wa Elizabeti.

Mimi na mume wangu tulikaa miaka tisa bila mtoto. Aliyewahi kuhesabu siku kwa matumaini, kisha akaanza upya mwezi uliofuata, atanielewa. Luka anasema Elizabeti alipopata mimba alijificha miezi mitano. Zamani nilidhani aliona haya kwa sababu ya umri wake. Siku hizi naamini aliogopa kutangaza mapema. Na anaposema Bwana amemwondolea aibu mbele ya watu, najua ni aibu ipi, ile ya kuulizwa kila penye harusi na kila penye msiba, "Bado tu?"

Kisha mtoto anazaliwa, na siku ya nane jamaa wanakuja kumtahiri wakiwa wameshaamua jina: Zakaria, kama baba yake. Mama anakataa, anataka aitwe Yohane. Wanamwambia hakuna mtu katika ukoo mwenye jina hilo la Yohane. Wanamgeukia baba, wanamwuliza kwa ishara (kumbe huenda hakuwa bubu tu, hata masikio yalikuwa yamefungwa). Mzee huyu amenyamazishwa tangu siku aliposhindwa kumsadiki malaika aliyemwahidi mtoto huyo na kumtajia jina lake hekaluni. Anaomba kibao, anaandika: "Jina lake ni Yohane." Haandiki "aitwe Yohane". Jina limekwisha kutolewa na mwingine; yeye analikubali tu, na hapo hapo ulimi unafunguka.

Yohane maana yake ni Mungu amefanya neema. Hapo ndipo ninapoiona maana ya sikukuu yenyewe. Mtoto aliyesubiriwa kiasi hicho hapewi jina la kuuendeleza ukoo. Baba ni kuhani, na ukuhani wao ulirithiwa na wana, lakini tunapomwona Yohane mtu mzima yuko jangwani, amevaa manyoya ya ngamia, hana habari na zamu za hekaluni. Wazazi wake walipewa mtoto ambaye hakuwa wao.

Tarehe nayo inasema jambo. Malaika alipompasha Maria habari ya kumzaa Yesu, alimwambia kwamba Elizabeti yuko katika mwezi wa sita, ndiyo maana siku hii iko miezi sita kabla ya Noeli. Wengine huuliza mbona si tarehe 25. Warumi walihesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka tarehe mosi ya mwezi unaofuata: siku ya nane kabla ya Januari ni 25 Desemba, na siku ya nane kabla ya Julai ni 24 Juni, kwa kuwa Juni ina siku 30. Na katika nusu ya kaskazini ya dunia, baada ya siku hizo za Juni mchana huanza kufupika, na baada ya Noeli huanza kurefuka. Mtakatifu Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aliliona hilo katika mahubiri yake, akalifungamanisha na maneno ya Yohane mwenyewe kuhusu Kristo: "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Sijui mtakatifu mwingine ambaye hata jua linamsomea mahubiri yake.

Injili inayosomwa siku hiyo inafika kwenye swali la majirani, "Mtoto huyu atakuwa wa namna gani?", kisha inauruka wimbo wa Zakaria na kumalizia kwa mstari wa 80 wa sura ya kwanza ya Luka: mtoto akakua, akaongezeka nguvu rohoni, akakaa majangwani. Baada ya hapo Luka hamtaji Elizabeti tena. Mwanangu sasa ana miaka minne. Mstari huo ukisomwa, mimi humshika mkono.