Mnafanya nini na makohozi yangu siku tatu?

Upepo wa kiangazi umeshaanza kutimua vumbi hapa Dodoma, na maswali mengi mliyonitumia mwezi huu ni ya kifua. Mimi ni mtu wa maabara, naotesha bakteria. Si daktari wa wodini. Aliyeniomba nimwandikie dawa nimemrudisha kwa daktari wake.

"Nilitoa makohozi Jumatatu, nikaambiwa majibu Alhamisi. Malaria mnapima dakika chache tu. Kwani mnafanya nini siku zote hizo?" (Mzee, Chang'ombe)

Shikamoo mzee wangu. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi ni kusubiri. Jumatatu makohozi yako tunayapaka kwenye sahani yenye rojo iliyochanganywa na damu ya kondoo. Ndiyo, kondoo, damu ya mtu inaweza kuwa na kinga au mabaki ya dawa yatakayozuia bakteria kuota. Sahani inalala kwenye kabati la joto, nyuzi 35 hivi. Jumanne asubuhi nafunua: kama ni yule bakteria maarufu wa nimonia, naona vidoa vidogo vimezungukwa na ukijani, vingine vimebonyea katikati kama kitovu. Huyo namchukua peke yake, namsambaza kwenye sahani mpya, napanga juu yake vijikaratasi vya duara, kila kimoja na dawa yake. Jumatano nashika rula. Dawa inayomuua imezungukwa na eneo tupu lisilo na kitu, nalipima kwa milimita. Isiyomtisha, ameota hadi ukingoni mwa karatasi. Kotrimoksazo, ile iliyokuwa dawa ya kila nyumba, mara nyingi ndiyo hupata aibu hiyo.

Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta alama tu ya mdudu. Mimi namtaka mzima, nione ni dawa gani inamuua. Na mzee, makohozi yawe makohozi. Sukutua kwa maji, kohoa kutoka kifuani, tena kabla hujameza dawa yoyote. Wengi wanatuletea mate.

"Amoksilini haifanyi kazi tena kwangu, mwili umeshaizoea. Nihamie ipi iliyo kali?" (Dereva wa bodaboda, Majengo)

Kaka, mwili wako hauhusiki. Sugu ni bakteria, na wala hazoei kama mtu anavyozoea pilipili. Kati ya mamilioni wamo wachache waliozaliwa na tofauti kidogo. Dawa ikiwafyeka wenzao, wao wanabaki na kiwanja chote. Huyu wa nimonia ana ujanja zaidi: anaokota vipande vya vinasaba vya jirani aliyekufa na kuviunga kwenye vyake. Mwaka 1928, London, Frederick Griffith aliwachanganya bakteria hai wasio na madhara na wakali waliokwisha kuuawa kwa joto, akawadunga panya. Panya wakafa: wale hai walikuwa wameokota ukali kwa wafu. Mwaka huohuo, mji huohuo, Alexander Fleming akakuta ukungu umeua bakteria kwenye sahani yake. Ndiyo penisilini, mama yake amoksilini. Kila nikikumbuka hilo nacheka peke yangu: dawa na moja ya njia za kuikwepa zilionekana karibu wakati mmoja, wenyewe wala hawajui.

Kuhusu "kali": dawa hizi hazina ngazi kama za pombe. Kila moja ina bakteria wake. Kikohozi cha vumbi la barabarani hakitibiki kwa hata moja. Kikifika wiki mbili, nenda kapime kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure.

"Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu ana mafua. Dukani wamenipa rangi mbili, ile kapsuli ya antibaotiki, nifungue nimpe nusu ya unga." (Mama, Nkuhungu)

Usimpe, mama. Mafua ni virusi, na antibaotiki haina kazi kwa virusi. Nusu ya unga hakuna anayejua ni dozi gani; watoto wana vidonge vyao vya kuyeyusha kwenye maji, na huandikwa kwa umri au uzito. Leo fanya hivi: akiwa ametulia, mfunue tumbo, shika simu yenye saa, hesabu pumzi dakika nzima. Kwa umri wake, 40 au zaidi ni haraka mno. (Wa miezi miwili hadi asitimize mwaka, ni 50.) Ikifika hapo, au sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, nenda kituo cha afya, hata iwe usiku. Halafu angalia kadi yake ya kliniki kama chanjo ya nimonia amemaliza zote tatu.

"Makohozi ya kijani si ndiyo bakteria?" (Mwanafunzi)

Hapana. Rangi ile inatoka kwenye askari wa mwili wako, chembe nyeupe za damu, na wanaingia vitani hata adui akiwa virusi.

"Kuku wangu wakikoroma nawapa OTC (oksitetrasaiklini) kwenye maji. Kuna ubaya?" (Mfugaji, Kibaigwa)

Upo, dada. OTC ni ndugu wa doksisaiklini tunayotumia watu, na bakteria sugu wa bandani anafika jikoni kwa mikono yako. Tena kama wanakufa kwa kideri, hicho ni kirusi, unapoteza hela. Chanjo yake ya tone la jicho hurudiwa kila miezi mitatu. Muulize afisa mifugo kabla ya kununua, soma kwenye chupa siku za kusubiri dawa iishe mwilini mwa kuku, na mayai ya siku hizo hata jirani usimpe.