Soma mita kabla hujapandisha paneli

Jana usiku dada mmoja wa Mtwapa ameniandikia: "Shangazi, nimewekewa sola ya kuunganisha na stima, kilowati tano. Stima ikipotea, na sola nayo inazima, jua likiwa utosini. Tena tokeni zinaisha haraka kidogo kuliko zamani. Nimeibiwa?" Ujumbe wake nimeusoma mara tatu. Hapo alipo nilipapita, na hadi leo pakiguswa panauma.

Mimi nauza barafu na samaki wa kugandisha hapa Muyeye, Malindi. Nina friza tatu, pampu ya kisima, na nyumba yenye watoto. Natumia uniti 18 kwa siku, kwa hiyo zile namba 20 za tokeni nilikuwa naziingiza mpaka vidole vinazijua. Nikawa nawaza: pale Langobaya kuna shamba la paneli la megawati 40, tangu 2021 linapeleka stima kwenye gridi ya taifa. Jua letu linalisha nchi, litashindwa na friza zangu?

Fundi nilimwita kijana wa jirani, aliyewahi kunitengenezea soketi. Alikuja asubuhi, akaangalia paa, akapima mabati kwa futi. Mita hakuitazama. "Shangazi, kwako kilowati tano zitakutosha sana." Nikatoa akiba yangu ya chama, nikaongeza mkopo. Zikapanda paneli 12 za wati 450 na inveta moja, kile kifaa kinachogeuza stima ya paneli iwe ya kutumika nyumbani, bila betri. Wiki nzima nilikuwa nasimama uani nikiangalia juu. Nilijiona nimefika.

Kisha tokeni zikaanza kuisha mapema kuliko kabla ya sola.

Nilidhani watoto wanawasha pasi ovyo, nikawagombeza. Mungu anisamehe. Siku moja tukafunga nyumba tukaenda arusini Mambrui, zikabaki friza tu. Asubuhi mita ilisoma uniti 41. Tuliporudi magharibi ilisoma 26. Nyumba haina mtu, jua la kaskazi limewaka kutwa, na uniti 15 zimekwenda.

Kesho yake saa saba mchana nikasimama mbele ya mita na simu mkononi. Mita ina kitaa chekundu kinachopepesa kila stima inapopita. Kwangu kilikuwa kinapepesa zaidi ya mara moja kwa sekunde. Nikaishusha breka ya sola. Kikapungua, kikawa kinapepesa mara moja kila sekunde sita. Nikaipandisha breka, inveta ikakaa kimya dakika chache, ikawaka, na kile kitaa kikarudi kupepesa kama moyo wa mtu aliyekimbia. Nilirudia mara tatu. Nilijua jibu tangu ya kwanza, lakini sikutaka kuliamini.

Paneli zilikuwa zinatoa stima nyingi kuliko friza zinavyokula, na ile ziada ikawa inatoka kwenda kwenye nguzo. Mita yangu ya tokeni haikuwa imetengenezwa kujua inayoingia na inayotoka. Ilihesabu yote, ikanikata yote. Nilikuwa nanunua stima ya jua langu mwenyewe. Nilipomwambia yule kijana, akasema, "Hata mimi sikujua, shangazi." Hakurudi tena. Mkopo niliulipa miezi 14.

Kwa hiyo dada yangu, nisikilize, na wewe mwenzangu unayepanga kuweka, nisikilize zaidi.

Usikubali kuambiwa ukubwa wa sola na mtu ambaye hajaijua mita yako. Jumla ya mwezi haitoshi. Unataka kujua unatumia kiasi gani jua likiwepo, na kiasi gani usiku. Soma mita saa mbili asubuhi, isome tena saa kumi na moja jioni, ufanye hivyo wiki nzima. Mimi nilipofanya, tena nikiwa nimechelewa, breka ya sola ikiwa chini, nikaona katika zile uniti 18 ni 9 tu za mchana. Pwani yetu unaweza kuhesabu kama saa tano za jua kamili kwa siku ya kawaida. Paneli za kilowati moja zingekupa uniti tano, lakini toa joto, vumbi, waya na inveta yenyewe, zinabaki kama nne. Tisa gawa kwa nne, ni kilowati mbili na robo. Mimi nilikuwa na tano na ushei. Hesabu ya darasa la sita, na hakuna aliyenifanyia.

Joto msilidharau. Namba ya wati iliyoandikwa nyuma ya paneli imepimwa paneli ikiwa na nyuzi 25. Juu ya mabati ya Malindi mchana wa Februari inafika 60 bila shida, na kila nyuzi moja inayozidi inapunguza kama thuluthi moja ya asilimia. Zimeshapotea kama asilimia 12 hapo. Acha nafasi upepo upite chini ya paneli, na inveta iwe kivulini. Kivuli kwenye paneli zenyewe ni balaa: mnazi wa jirani ulikuwa unaangusha kivuli kwenye paneli moja tu baada ya alasiri, na msururu mzima ukalegea. Paneli zilizofungwa msururu mmoja ni kama punda kwenye kichochoro cha Lamu, wa mbele akigoma, wa nyuma nao wamekwama. Na boliti zisiwe za chuma cha kawaida, chumvi ya bahari itazila.

Sasa lile la kuzima stima ikipotea. Hapo hukuibiwa, ulifichwa ukweli. Inveta ya kuunganisha na stima haina ngoma yake. Inasikiliza ile ya gridi, volti 240 na mapigo 50 kwa sekunde, ndipo inacheza nayo sawasawa. Gridi ikinyamaza, inatakiwa inyamaze ndani ya sekunde mbili, maana kuna fundi amepanda nguzo akijua waya umekufa. Stima yako ikitoka kwenda nje itamuua. Nilikasirika sana siku samaki walipoanza kuyeyuka na jua linawaka, lakini kwa hili sheria iko sawa. Ukitaka kuendelea stima ikipotea, unahitaji inveta ya mseto, yaani inayofanya kazi na gridi na betri pia, pamoja na betri zenyewe, na hiyo inveta iwe inaitenga nyumba yako na nguzo kwanza.

Ziada ina njia ya halali. Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kufanya mkataba na msambazaji, awekewe mita ya kuhesabu pande zote mbili. Bila huo mkataba, mwambie fundi aifunge inveta isitoe kitu nje. Kuna koili ndogo inayokumbatia waya mkubwa wa kuingilia, inveta inaona ziada ikianza tu inajipunguza. Mimi nilifungiwa hiyo na fundi wa pili, mwenye leseni ya T3, ambayo ndiyo ya sola za kuunganisha na gridi. Muombe aitoe uione kwa macho, hata akiwa mtoto wa dada yako.

Siku hiyo hiyo kitaa kilitulia. Paneli tano nikamuuzia mwenye duka la baridi mtaa wa pili, ambaye mchana anatumia kunishinda. Mimi nikahamishia kazi juani: pampu inajaza tangi saa nne asubuhi, barafu mpya naigandisha mchana, pasi ni kabla ya alasiri. Tokeni za mwezi zimeshuka karibu nusu, na hilo nalisema kwa kifua mbele.

Wewe wa Mtwapa, kesho saa saba mchana simama mbele ya mita yako. Hesabu kitaa dakika moja breka ya sola ikiwa juu, kisha dakika moja ikiwa chini. Nitumie hizo namba mbili, na ile unayosoma saa kumi na moja jioni.